Kupiga Picha Vyombo vya Zamani kwa Kupaka Mwanga wa Tochi: Mwongozo Kamili

Picha yangu ya kwanza ya dele la kahawa la shangazi niliipiga mchana, karibu na dirisha, juu ya kitambaa cheupe, na kila kitu kilionekana sawasawa: shingo, mdomo, mpini, hata mkwaruzo ulio chini ya kifuniko. Nilipomwonesha shangazi aliitazama kwa muda, kisha akauliza, “Hili umelinunua wapi, mwanangu?” Lilikuwa dele lake mwenyewe. Nilichelewa kuelewa kosa lilikuwa wapi, kwa sababu kamera haikukosea lolote. Shangazi hakuzoea kuliona dele lile kwa mwanga wa namna ile; alilizoea baada ya Magharibi, likiwa kando ya taa ya chemli, upande mmoja unang'aa na upande wa pili umezama gizani.

Vyombo vingi vya zamani vya nyumbani kwetu viliishi katika mwanga wa aina moja: mdogo, wa chini, wenye rangi ya manjano, unaotoka upande mmoja na kufifia haraka kila unavyokwenda mbali na taa. Anayetaka picha ya chombo cha zamani iamshe kumbukumbu hana budi kurudisha kwanza mwanga ule, na njia ninayoiona inafaa kuliko zote ni kupaka mwanga. Kamera huachwa wazi gizani kwa sekunde nyingi, huku mpigapicha akipitisha tochi ndogo juu ya vitu kama mtu anayepaka rangi kwa brashi. Kilichoguswa na tochi huonekana. Kisichoguswa hubaki cheusi.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1889 Wafaransa Étienne-Jules Marey na Georges Demenÿ walifunga taa ndogo mwilini mwa mtu ili mwendo wake uache mistari kwenye picha moja. Mwaka 1935 msanii Man Ray alichora hewani kwa tochi mbele ya kamera yake. Na mwaka 1949 mpigapicha Gjon Mili alimpiga picha mchoraji Pablo Picasso akichora gizani kwa taa ya mkononi. Hao wote waliielekeza taa kwenye kamera, ili mwanga wenyewe uwe mchoro. Sisi tutaielekeza kwenye chombo, na taa haitakiwi kuonekana hata kidogo. Tofauti hiyo ikumbukwe, maana wengi wanaojifunza huanza na michezo ya kuandika majina hewani, kisha mkono wao hushindwa kutulia wanapokuja kwenye meza.

Kuchagua na kupanga vitu

Vitu vitatu hadi vitano vinatosha, na viwe vimewahi kufahamiana. Chemli, dele, vikombe viwili vya kahawa na kanga iliyofifia vinakaa pamoja bila kuulizana. Ukiongeza pasi ya mkaa katikati yake, mtazamaji ataanza kujiuliza nani anapiga pasi barazani saa ya kahawa. Redio ya betri inaingia vizuri, na cherehani yastahili picha yake peke yake kwa sababu ya ukubwa wake.

Usisugue chombo kikang'aa. Masizi kwenye kioo cha chemli, weusi wa shaba kwenye maungio na alama ya kahawa kwenye ukingo wa kikombe ndivyo vinavyosema umri wake. Lakini vumbi jipya lifute kwa brashi laini, kwa sababu mwanga unaopita karibu na uso wa kitu hugeuza kila chembe kuwa nukta nyeupe, na utakuja kuzifuta moja moja kwenye kompyuta huku ukijilaumu.

Ukitaka kuweka picha ya studio miongoni mwa vitu hivyo, mathalani moja ya zile zilizopigwa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, itoe kwanza nyuma ya kioo cha fremu yake, la sivyo utapiga picha ya tochi yako. Picha nyingi za nyeusi na nyeupe za zama hizo zina madini ya fedha ndani ya karatasi, ambayo kwa miaka hupanda juu na kufanya kingo zing'ae kibuluu. Mwanga wa ubavuni huonesha jambo hilo vizuri sana.

Weka chemli kwanza, kwa sababu ndiyo itakayoamua mwanga wote utoke wapi. Mimi huiweka kushoto, nyuma kidogo ya vitu vingine, dele likawa katikati na vikombe mbele kulia, kisha nikaacha nafasi tupu upande wa kulia ili giza lipate pa kukaa. Kanga itandikwe na mikunjo yake, isinyooshwe kama shuka la hotelini. Nyuma, umbali wa mita moja au zaidi, tundika kitambaa cheusi kisichong'aa. Buibui kuukuu linafaa kuliko karatasi nyeusi za dukani.

Vifaa

Kinachohitajika hasa ni stendi imara ya miguu mitatu, kamera inayokubali kuachwa wazi kwa sekunde 20 au 30, na tochi mbili ndogo za LED. Tochi kubwa za walinzi hazifai kabisa, kwani humwaga mwanga mwingi kiasi kwamba sekunde moja inatosha kuharibu fremu nzima, yaani picha moja unayopiga. Hata ile ndogo huenda ukalazimika kuipunguza nguvu kwa kubandika karatasi ya kuokea mbele ya kioo chake. Kisha kunja karatasi ngumu nyeusi iwe bomba lenye urefu wa sentimita 12 hivi na tundu la sentimita 2, ulifunge kwa utepe kwenye kichwa cha tochi. Bomba hilo ndilo linaloifanya tochi kuwa brashi: mwanga huenda pale tu ulipoelekezwa, na kamera haioni balbu kutoka pembeni.

Andaa pia kipande cha karatasi ya kuokea, ukubwa wa gazeti lililokunjwa, kilichobandikwa kwenye fremu ya vijiti. Kazi yake utaiona tutakapofika kwenye shaba. Mwisho, tafuta nailoni ya rangi ya chungwa, hata ile ya kufungia peremende, ya kufunika tochi mojawapo.

Mwenye simu asijione yuko nje ya mazungumzo. Simu nyingi za Android zina modi ya Pro inayomruhusu mtumiaji kupanga ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na muda wa shata (muda ambao kamera huachwa wazi), mara nyingi hadi sekunde 30. Asitumie modi ya usiku, kwa sababu simu huchanganya picha nyingi kwa hesabu zake yenyewe na kuangaza hata pale ulipotaka pawe giza.

Chumba na kamera

Subiri usiku, funga madirisha, ziba mwanga wa chini ya mlango kwa taulo, uzime feni hata kama kuna joto, kwa kuwa kanga ikitikisika mara moja tu mikunjo yake itatoka na ukungu. Epuka sakafu ya mbao inayobonyea unapotembea. Umeme ukikatika mtaani, hiyo ni zawadi: toa stendi kabla jirani hajawasha jenereta.

Panga kamera hivi: ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), muda wa sekunde 20, na faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazihariri. Usivuke f/11 bila sababu, kwani kwenye kamera nyingi tundu dogo zaidi ya hapo huanza kupunguza ukali wa picha. Zima kitulizo cha mtikisiko cha lenzi, maana kamera iliyotulia kwenye stendi haikihitaji, na baadhi ya lenzi huzua mtikisiko zikitafuta usiokuwepo. Tumia rimoti, au kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiguse kamera wakati shata inafunguka. Zima vilevile kile kipengele cha kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu, ambacho huifanya kamera ipige fremu ya pili ya giza na kuongeza kusubiri mara mbili. Kwa sekunde 20 hakuna hasara kubwa ukikizima.

Kwa fokasi, angaza ubavu wa mbele wa dele, iache kamera ishike fokasi hapo, kisha iweke kwenye fokasi ya mkono na usiguse tena pete ya lenzi. Ukisahau hatua hii, kamera itahangaika gizani kila unapobonyeza na kila fremu itakuwa na fokasi yake.

Sasa piga fremu moja bila kuwasha chochote. Ikitoka nyeusi kabisa, chumba kiko tayari. Ikionesha hata umbo la meza, kuna mwanga unaoingia mahali, utafute uuzibe.

Fremu ya kielelezo

Washa chemli, shusha utambi, na upige picha ya sekunde 3 au 4 bila tochi. Haitapendeza: kioo cha taa kitakuwa doa jeupe na vikombe vya upande wa pili havitaonekana. Jicho la mtu aliyekaa barazani huzoea giza na kuona vyote viwili, lakini kamera haina uvumilivu huo, na ndiyo sababu hatuiachii chemli kazi yote. Hata hivyo fremu hii ina thamani kubwa, kwa sababu inakuonesha hasa mwanga wa taa ile unagusa wapi na vivuli vinalala kuelekea wapi. Iangalie vizuri. Kila utakachofanya kwa tochi baadaye ni kuifuata, na pale utakapoihalifu ujue kwa nini.

Ukiwa bado na moto, piga fremu nyingine kwa ajili ya ulimi wa moto wenyewe. Anza na muda wa 1/60 ya sekunde, uendelee hadi 1/15 mpaka upate umbo unalolipenda. Kisha zima taa, na uiache mahali pake ipoe bila kuigusa. Mafuta ya taa na kanga si marafiki, kwa hiyo usitoke chumbani taa inapowaka.

Kupaka mwanga, kitu kimoja kwa kila fremu

Anayeanza hutaka kupaka meza nzima ndani ya fremu moja ya sekunde 30. Inawezekana, lakini ukikosea kikombe cha mwisho umepoteza vyote. Mimi hupiga fremu 10 hadi 20, kila moja kwa sehemu moja tu, kisha huziunganisha. Vaa nguo nyeusi za mikono mirefu, vua saa, na usisimame kamwe kati ya lenzi na kitu.

Anza na kanga. Shusha tochi hadi iwe karibu sawa na uso wa meza, upande wa kushoto ilipo chemli, na uipitishe polepole kana kwamba unafagia. Mwanga unaolala namna hii hugusa migongo ya mikunjo na kuacha mabonde gizani, na hapo nyuzi za kitambaa huonekana moja moja. Ukiinua tochi ikatoka juu au mbele, kanga inageuka kuwa karatasi iliyochapishwa maua. Kosa la kuwashia tochi kutoka kando ya kamera ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi katika kazi za wanafunzi, na chanzo chake ni kwamba hapo ndipo mtu anaposimama.

Tochi isitulie mahali pamoja hata kwa nusu sekunde. Ianze kutembea kabla ya kugusa kitu na iendelee kutembea mpaka uizime. Umbali nao una hesabu yake: ukiitoa kutoka sentimita 50 hadi mita moja, mwanga unaofika haubaki nusu bali robo. Kwa sababu hiyo usibadilishe umbali katikati ya fremu; ukitaka mwanga zaidi, rudia njia ileile. Baada ya kila fremu tazama skrini, na uandike daftarini ulichopaka na kwa sekunde ngapi, mathalani: “Kanga, kushoto, sekunde 8, nzuri.”

Kisha lije dele, na hapa pana kazi. Shaba haioneshi mwanga unaoimwagia. Inaonesha taswira ya kile kilicho mbele yake. Ukiielekezea tochi moja kwa moja utapata nukta moja kali, na ukiitembeza tochi, nukta hiyo inavutika kuwa mstari mwembamba unaopindapinda kwenye tumbo la dele kama njia ya konokono. Dawa yake ni ile fremu ya karatasi ya kuokea. Ishike kushoto kwa dele, nje kidogo ya picha, sentimita 20 hivi kutoka kwenye shaba, na uitembeze tochi nyuma ya karatasi, kutoka chini kwenda juu na kurudi. Sasa unaipaka karatasi, na shaba inaiakisi karatasi. Ubavu wa dele hupata ukanda mpana, laini, unaofifia taratibu kuelekea tumboni, na weusi wa zamani kwenye maungio hubaki ulipo. Ukanda ukikata ghafla, ukingo wa karatasi unaonekana kwenye shaba: sogeza karatasi mbali kidogo, au punguza mwendo wa tochi karibu na ukingo huo. Mdomo wa dele nao upewe fremu yake, kwa bomba la karatasi nyeusi na mguso mmoja wa sekunde moja. Mimi hurudia dele mara tano au sita mpaka niridhike, na sijawahi kujutia muda huo.

Kioo cha chemli kinataka kinyume. Ukikimulika mbele, masizi hupotea na kioo hufanana na chupa. Ficha kadi ndogo nyeupe nyuma ya taa, isionekane kwenye lenzi, uimulike kadi. Mwanga utapita ndani ya kioo na kuonesha masizi, kingo na hata viputo vidogo vya kioo cha zamani. Vikombe si vigumu: pitisho moja la tochi kutoka kushoto, fupi kuliko la dele, kwa sababu viko mbali zaidi na taa.

Upande wa kulia uache. Ukishindwa kujizuia, papake sekunde moja tu kutoka mbali, ili ukingo wa kikombe cha mwisho upate uzi wa mwanga. Picha nyingi za aina hii huharibiwa na mtu aliyekuwa na picha nzuri, akaona pembe moja ni nyeusi, akaihurumia.

Rangi ya mwanga

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: namba ndogo ni ya manjano, kubwa ni ya kibuluu. Mwali wa taa ya mafuta una kiasi cha Kelvini 1,900, balbu ya zamani ya waya karibu 2,700, na tochi ya LED nyeupe mara nyingi kati ya 5,500 na 6,500. Mwanga wa LED ukiachwa hivyo, meza ya bibi itafanana na duka la simu. Unaweza kuipanga kamera kwenye Kelvini 7,500 ili ifidie kwa manjano na picha nzima iwe na rangi ya joto, lakini napendelea kuiacha kwenye 5,500, kuivisha nailoni ya chungwa tochi inayopaka upande wa chemli, na kutumia ile isiyofunikwa kwa miguso michache ya nyuma. Tofauti hiyo ndogo ya rangi huipa picha kina ambacho kompyuta haikirudishi kirahisi. Usiifanye yote kuwa ya kahawia iliyokolea. Kanga nyekundu iliyofifia bado ni nyekundu.

Kuunganisha fremu

Programu ya kuhariri picha ya GIMP haina malipo na inatosha kabisa. Geuza faili zako za RAW kuwa faili za picha za TIFF kwa mpangilio mmoja wa rangi, uzifungue zote kama matabaka ya picha moja, kisha kila tabaka lililo juu ya lile la chini kabisa ulipe modi iliyoandikwa “Lighten only”. Modi hiyo hulinganisha matabaka nukta kwa nukta na kubakiza ile yenye mwanga zaidi, ndiyo maana giza la fremu moja haliifuniki kanga iliyopakwa katika fremu nyingine. Kwa simu, programu ya Snapseed hufanya kazi hiyo kwa picha mbili kwa zamu, kupitia kipengele chake cha kuunganisha picha mbili. Ni taratibu, lakini inafika.

Tabaka lililozidi mwanga lipunguze uzito hadi asilimia 60 au 40. Mahali tochi ilipotoroka, weka barakoa (kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka) kwenye tabaka hilo na upake rangi nyeusi juu ya doa. Rudi kila mara kwenye fremu ya kielelezo: kivuli cha kikombe kikielekea kushoto huku chemli ikiwa kushoto, jicho la mtazamaji litashtuka hata kama hajui limeshtushwa na nini. Ulimi wa moto uwe tabaka la mwisho.

Kuchapisha

Picha yenye giza nyingi hudanganya kwenye skrini, kwa sababu skrini ina mwanga wake yenyewe na karatasi haina. Punguza mng'ao wa skrini hadi nusu unapoihariri, na kabla ya kuchapisha kubwa omba kipande cha majaribio. Karibu kila mara nimelazimika kuangaza vivuli kidogo. Kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, nukta 300 kwa inchi, faili inahitaji kiasi cha pikseli 2,400 kwa 3,600, jambo ambalo kamera yoyote ya siku hizi inaliweza. Chagua karatasi isiyong'aa, na usitundike picha ikiwa inatazamana na dirisha.

Picha ya pili ya dele niliipeleka kwa shangazi ikiwa imechapishwa kwa ukubwa huo. Safari hii hakuuliza lilitoka wapi. Aliuliza kwa nini vikombe vimewekwa vitupu kama nyumba haina watu. Tangu hapo mimi humimina kahawa hadi robo tatu ya kikombe, iliyopoa, kwa sababu mvuke wa kahawa ya moto hugeuka ukungu ndani ya sekunde 20. Na uso mweusi wa kahawa hiyo, ambao huakisi kama shaba, nao una fremu yake, karatasi ya kuokea ikiwa imesimamishwa nyuma ya meza.